Vita vya Gigi Tatu

Sogeeni, enyi wenye masikio, sogeeni nanyi msio na kazi ya maana alasiri hii, mliokwisha kula nanyi mnaosubiri kuitwa mezani. Zimeni redio, tulizeni watoto, kwa maana nataka kuwasimulia vita ambavyo havikumwaga damu ila chai, vilivyopiganwa sebuleni kwangu juu ya zulia lililotoboka, na shujaa wake, nasema bila haya kwa sababu hakuna mwingine atakayesema, ni mimi mwenyewe.

Mimi ni fundi wa mafriji, mfukuza joto, mrejesha barafu, niliyewahi kulifufua friji ambalo wenyewe walishaligeuza kabati la viatu. Lakini sifa hizo zote zilikuwa za bure, kwa sababu watu hawakuniita Fundi. Waliniita Benchi.

Jina hilo lina asili yake. Mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, tulinunua kwa ushirika mashine ya gemu, nayo inakaa kwangu kwa kuwa kwake kuna panya. Tukawekeana sheria: atakayefungwa mechi ya mpira ya Jumamosi ataitwa Benchi mpaka atakapomfunga mwenzake. Sheria niliitunga mimi, kwa kinywa changu, huku nikicheka. Tangu siku hiyo shemeji alikuwa hajafungwa hata mara moja. Jina likanizoea, likatoka sebuleni likaenda mtaani, wateja wakaanza kuulizana kama Benchi yupo, na mwishowe likamfikia mama mkwe, mtu ambaye nikimwamkia nainamisha kichwa, naye akaniita mbele ya wageni: "Benchi baba, hebu sogeza kiti." Nilikisogeza. Lakini iliniuma, nisiwafiche.

Na ulikuwapo ugomvi mwingine, mkubwa kuliko wa mpira. Mashine yetu ina kumbukumbu ya gigi kumi na sita, ndiyo nafasi ambayo gemu hufanyia kazi inapochezwa. Ila mfumo unaoiendesha mashine, ule unaoleta menyu na saa na ujumbe pembeni, hujitengea gigi tatu kabla gemu haijaonja kitu. Juu ya gigi hizo tatu tumegombana msimu baada ya msimu. Mimi nilikuwa askari wa gemu: nilisema mfumo upewe gigi moja, ushukuru, ukae kimya. Shemeji, ambaye ni mtunza ghala na anaamini dunia nzima ni rafu, alikuwa wakili wa mfumo. "Ghala usiloliachia njia ya kupita si ghala," alizoea kusema, "ni shimo. Gigi tatu ni njia." Na jirani yetu Kinyozi, mwamuzi wetu wa kudumu, kila alipoulizwa alijibu gigi mbili, kwa sababu kazi yake imemfundisha kutomkera mteja yeyote.

Basi Jumamosi yenyewe ikawadia. Mke wangu alikuwa kwenye cherehani yake karibu na dirisha, akipinda mapazia ya watu, naye alikwisha kutuonya kwamba mama yake yuko njiani, na kwamba akifika anataka akute sebule, si uwanja. Tukaketi, Kinyozi naye kwenye kiti chake cha uamuzi. Shemeji, Simba wa Stoo, Mfungaji Asiyefungwa, akalegeza mkanda. Mimi nikaifuta padi yangu ya kuchezea kwa shati, nikapiga kifua, nikakohoa.

Tukapigana. Niseme kweli: yeye alipigana, mimi nililinda. Mashuti yake yaligonga mwamba, yakagonga kipa, yakagonga mgongo wa beki wangu aliyekuwa anatazama kwingine. Ndipo, dakika ya themanini na nane, katika patashika ambayo sikuielewa vizuri, mpira ukawa umo wavuni mwa shemeji. Wakati huohuo ujumbe wa mfumo ukachomoza kwenye kona ya skrini kutangaza kwamba padi yangu inaishiwa chaji, picha ikaganda kidogo, kisha ikaendelea. Moja bila, na ile moja ilikuwa yangu.

Shemeji akausimamisha mchezo, akainuka, akasimama katikati ya zulia na kuhutubu.

"Dada yangu, jirani yangu, na wewe Benchi," alisema, "bao hili silitambui. Kipa wangu hakufungwa, kipa wangu aliganda. Mfumo umekurupuka katikati ya vita, umenyakua kumbukumbu ili tu utuletee habari za chaji ya mtu. Gigi tatu za nini? Mfumo ni mtumishi, na mtumishi hapewi chumba kikubwa kuliko cha mwenye nyumba. Upewe gigi moja, ushukuru, ukae kimya."

Nami nikainuka. Goti likalia, kikombe cha chai kikapinduka, zulia likanywa, wala sikurudi nyuma.

"Ewe mtunza ghala," nilisema kwa sauti ya kutoka tumboni, "leo wewe ndiye unayetaka kuziba njia? Ghala usiloliachia njia si ghala, ni shimo. Mfumo una gigi zake tatu, umetumia zake, haujagusa hata chembe ya gemu. Ungekuwa na gigi moja, hapo ndipo ungelazimika kwenda kumwibia kipa wako. Mimi nasema hata tatu hazitoshi. Upewe nne. Upewe tano, watu tufunge mabao yetu kwa amani."

"Tano?" shemeji aliuliza. "Na gemu ikachezewe wapi, uani?"

"Itajibana. Mbona sisi humu ndani tunajibana."

"Mimi naona mbili," Kinyozi alisema.

Hakuna aliyemsikiliza. Tulirushiana gigi huku na huku, nikapanda hadi sita, shemeji akashuka hadi nusu, na nadhani tungefika mahali ambapo mashine haina mfumo wala gemu, ina hotuba tu, kama cherehani isingenyamaza.

"Ngojeni kwanza," mke wangu alisema, sindano ikiwa bado mdomoni. "Mimi kila Jumamosi nawasikia. Mume wangu ni wa moja, kaka ni wa tatu. Leo mbona mmebadilishana maneno, mpaka lile shimo?"

Tukatazamana. Sikuwa nimejua, na nikimwangalia shemeji niliona naye hakujua. Msimamo nilioulinda msimu baada ya msimu, niliougombania hadi kwa wateja ambao mafriji yao yalikuwa yanavuja, nilikuwa nimeuuza kwa bao moja na wala sikusikia maumivu. Wahenga walisema mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Mimi sikuchutama, niliongeza sauti.

"Msimamo wa mwanamume," nilianza, nikiinua mkono wenye padi kuelekea dari, "si kitu cha..." na hapo kidole gumba changu, kisichojua siasa wala mpira, kikaangukia kitufe ambacho tangu tuinunue mashine ile sikuwahi kujua kazi yake. Skrini ikabadilika. Dakika ya themanini na nane ikaanza upya mbele ya macho yetu.

Kumbe mfumo ule hurekodi wenyewe, kimyakimya, vipande vya mwisho vya kila mchezo, na sehemu ya zile gigi tatu tulizozitukana kwa zamu ilikuwa ikifanya kazi hiyo. Kinyozi akasogeza kiti. Hata mke wangu akageuka.

Tuliona beki wa shemeji, peke yake, bila adui karibu, akimrudishia kipa wake mpira. Tuliona kipa amesogea kushoto. Tuliona mpira ukipita kulia, bila haraka, ukavuka mstari. Refa akapuliza. Baada ya hapo, si kabla, ndipo ujumbe wa chaji ukachomoza na picha ikaganda. Jeshi langu lilikuwa mbali. Mshambuliaji wangu hodari alikuwa kwenye kibendera cha kona, upande mwingine kabisa wa uwanja, akizunguka mahali pamoja, kwa sababu wakati ule bwana wake alikuwa anajikuna.

"Sasa wewe hapo," Kinyozi aliniuliza taratibu, "umefunga nini?"

"Nilikuwepo," nilisema.

Shemeji akaketi tena, akaichukua padi yake. Angeweza kusema mengi, kwani mashine ni yetu sote na mdomo ni wake. Nililitaka bao lile, jamani, nililitaka hivyohivyo lilivyo, na aibu yake yote.

"Bao ni bao," alisema mwishowe. "Beki ni wangu, lakini na nyavu ni zangu. Chomeka padi yako tumalize. Nikisawazisha, sitaki kusikia hadithi za chaji."

Waya wetu wa kuchajia padi ni mfupi. Ndivyo nilivyoingia katika dakika mbili kubwa za maisha yangu: nimeketi sakafuni chini ya televisheni, shingo imepinda, nikiitazama skrini kwa chini kama fundi anayetafuta kilichooza nyuma ya friji. Shemeji alikuja kwa nguvu zote. Kila mpira ulionifikia niliupiga jukwaani. Aliurusha, nikaupiga jukwaani. Alipiga kona, beki wangu, yule mtazama kwingine, akapigwa na mpira mgongoni kwa mara nyingine, nami nikaupiga jukwaani. Filimbi ikalia.

Basi na ijulikane, kwa waliopo na watakaokuja, kwamba siku ile nyumbani mwetu enzi iligeuka, kwa bao alilolifunga adui, lililothibitishwa na mfumo nilioutukana, na kufichuliwa na kidole kilichokosea. Na kwamba ushindi huo ni wangu.

"Hongera," mke wangu alisema. "Haya, kusanyeni hizo nyaya."

Mlango ukagongwa.

"Hodi," sauti ya mama mkwe iliita kutoka nje. "Benchi, njoo unipokee huu mfuko, ni mzito."

Miguu yangu, iliyozoea, ilikwisha kuanza kuinuka. Shemeji akaniwekea mkono begani.

"Kaa," alisema. "Ninaitwa mimi."

Akaenda akafungua. Mama yake alimtazama, akachungulia ndani, akaniona pale sakafuni na padi yangu, bado nimefungwa na waya.

"Nimemwita Benchi," alisema.

"Ndiye mimi, mama." Shemeji akaupokea mfuko. "Yule pale chini ni Fundi."