Popo wa Mwezi Juni

Jumatatu, 4 Agosti
Msimamizi wa maabara anastaafu. Wanaokitaka kiti chake ni wawili: mimi na Kalamu Nne, jirani yangu wa meza, anayechomeka kalamu nne kotini na kuandikia moja. Daktari, mkuu wetu, atakagua majedwali yetu Alhamisi. Kila mwezi kila mmoja wetu huletewa popo madume, wale wala matunda, akapima korodani zao na kuzihifadhi chupani. Jedwali langu limekamilika. Isipokuwa Juni. Juni niliumwa jino. Jino lenyewe lilikuwa moja, siku nilizokosa kumi na mbili.

Jumanne, 5 Agosti
Nimepata dawa. Korodani ni korodani, haziwezi kuwa hivi mwezi huu na vile mwezi ujao. Nimechukua vipimo vya Machi, nikavigeuza kidogo, nikavipachika Juni. Kalamu Nne anasema bado anahakiki vyake. Namhurumia.

Nyumbani, mama mkwe aliyekuja kututembelea akauliza kazini napima nini. Mke wangu akanikanyaga mguu. Nikasema napima popo. Wanapimwa nini, baba? Nikajibu, afya. Sasa anawaambia majirani kwamba mkwe wake ni daktari. Sikuona haja ya kumsahihisha.

Alhamisi, 7 Agosti
Siku mbaya. Jedwali la Kalamu Nne: Machi, korodani nene kama karanga. Juni, zimenywea kama punje za mchele. Langu: karanga Machi, karanga Juni.

Daktari akavua miwani. "Popo wako hawana msimu?"

Nikasema huenda wangu ni wa ukoo wenye nguvu. Kalamu Nne akapatwa na kikohozi.

Daktari akaeleza taratibu, na hilo ndilo lililoniumiza. Msimu wa kupandana ukikaribia, korodani za dume huvimba na kufanya kazi. Ukipita, hunywea. Anayeruka habebi mzigo asioutumia.

"Sasa niambie, bwana. Juni ulipima?"

"Sikupima, Daktari."

Akasema chupa zangu za Juni, alizonihifadhia msimamizi nilipoumwa, zipo kabatini, nizipime zote kabla ya Jumatatu. Nikauliza kuhusu kile kiti. Akavaa miwani yake.

Jumamosi, 9 Agosti
Mke wangu amemwambia mama yake ukweli wote, pamoja na habari za misimu. Mama mkwe akatafakari, akasema hata marehemu mumewe alikuwa hivyo hivyo. Mke wangu akaondoka mezani. Nami nikakimbilia maabara.

Chupa kumi na saba. Kalamu Nne akatokea, bila shaka kunipeleleza. Akauliza hali ya jino, akavuta kiti, akapima nane. Bado natafuta nia yake.

Nimetazama vipande vyembamba vya korodani kwenye hadubini. Machi, vijimirija vya mbegu vimejaa, hakuna pa kupita, kama uwanja siku ya mechi. Juni, vitupu kama madarasa wakati wa likizo. Lakini ukingoni seli chache zimebaki zimejipanga, zinangoja. Nimekaa nikizitazama mpaka chai ikapoa. Miaka sita ya kazi hii, na sikuwahi kuziona.

Jumatatu, 11 Agosti
Kiti kapewa Kalamu Nne. Lakini Daktari alisoma maelezo yangu ya vile vipande mara mbili, akasema nina jicho, na kwamba ripoti itabeba jina langu pia. Na msimamizi mpya ameomba niwe naibu wake. Naibu! Mama mkwe ameshawaarifu majirani kwamba nimepanda cheo, kutoka daktari hadi naibu.

Nimeazimia kuwa mtu mpya. Na somo nimelielewa vizuri: popo hufuata msimu, hawabahatishi. Ndiyo maana mchana huu, ili kumpunguzia bosi wangu kazi, nimeshajaza Septemba, Oktoba na Novemba. Popo wenyewe watafika kwa wakati wao.