Kuingia Kasho kwa Ajili ya Haki

Jumatatu, 9 Juni
Nimekuwa avoka, wakili. Au karibu niwe. Maître Lydie, avoka wa kweli wa haki za binadamu, ametoka Lubumbashi kufundisha vijana wa Kamina katika sale, ukumbi wa parokia. Minyi niliingia sababu ya mkate na soda. Aliposema mikataba ya mataifa inamulinda hata mutu kama minyi, nikahamia kiti cha mbele. Ijumaa atachagua kijana mumoja wa kutembea naye kwenye magereza. Kila mutu alete kesi ya haki iliyovunjwa. Jérémy, yule wa mashati ya pasi, ameshika mikataba yote kwa kichwa. Minyi niliacha sekondari katikati. Shule haikulia.

Jumanne, 10 Juni
Nimetafuta muonewa. Papa yangu, muuza sabuni sokoni, akasema muonewa njo yeye, kulisha kijana mukubwa hivi. Hiyo si kesi. Kisha akili ikaja: muonewa niwe minyi! Sheria inasema polisi wasikushike zaidi ya masaa arobaini na manane bila kukupeleka kwa hakimu. Nikaenda kwa polisi ya kwetu kuomba wanifunge. Komanda Nkulu akauliza nimefanya nini. Nikasema bado. Akanituma maji ya kuoga. Nikaleta, niko na heshima.

Jumatano, 11 Juni
Asubuhi bendera inapopanda, wote wanasimama palepale, hata mwenye baiskeli ya makaa. Minyi nikapita katikati nikipiga mluzi. Polisi wakanishika nikicheka. Kasho, chumba cha kufungia watu!
Ila komanda akaharibu. Akanieleza sababu ya kushikwa, akasema: weye mutoto ya Asumani wa sabuni, fagia kiwanja, kisha uende kwenu. Nikafagia. Kwenda nikagoma, masaa yangu bado. Akasema, weye kichwa yako iko muzuri kweli?
Kasho haipikii mutu, ndugu njo wanaleta chakula. Nilipatana na dada yangu Sifa aniletee bukari, ugali wetu, na samaki ya Kinkondja. Alileta. Akakaa mbele ya mlango, akala yeye, akasema mfungwa mwenye mlango wazi akule kwao.

Alhamisi, 12 Juni
Njaa. Komanda anafungua mlango, minyi naufunga. Akatisha kumuita Papa. Nikamukumbusha haki yangu ya kupata avoka. Akafikiri, akasema hiyo ni muzuri, huyo avoka atamuita yeye mwenyewe.

Ijumaa, 13 Juni
Ameingia Maître Lydie. Nyuma yake Jérémy, amebeba mfuko wa maître. Amechaguliwa asubuhi hii, minyi nikiwa humu. Kesi yake ni mjane wa Kabondo-Dianda aliyefukuzwa shambani na shemeji zake. Kazi yake ya kwanza: minyi.
Jérémy akaniuliza kama nimepigwa. Hapana. Kama walinieleza sababu. Ndiyo, kwa bahati mbaya. Kama wananikataza kutoka. Hapo komanda akajibu mbele yangu: tangu juzi njo anatubembeleza tumuache hapa, maître, mubebe huyu, muende naye.
Maître akaniambia polepole kwamba yule mjane hakuhitaji kutafuta kuonewa. Kazi ya avoka inaanzia kwa kumusikiliza mutu kama yule. Niliinamisha kichwa.
Jérémy akanishika mkono, akanitoa. Komanda akamushukuru sana. Ushindi wake wa kwanza, na kesi aliyoshinda ni minyi!

Jumamosi, 14 Juni
Sifa ananiita Mfungwa. Papa haniiti kabisa. Wacheke. Bila minyi, Jérémy angemutoa nani? Njo kusema minyi nimemufundisha kazi, naye hata hakusema aksanti.
Nimepima yote vizuri. Kosa lilikuwa moja tu: hapa Kamina wananijua na wananipenda mno. Kule mji wa Bukama hakuna anayemjua Papa. Nako bendera inapanda kila asubuhi.
Jumatatu napanda kamyo, lori la mizigo. Safari hii samaki nabeba mwenyewe.