Nilisimama Mlango wa Wanawake

Jumapili, 1 Septemba 1912

Kiti cha mzee Anyosisye ki wazi. Macho yamemwishia, amehamia Ngonga kwa binti yake. Leo baada ya mahubiri Bwana Mchungaji ametangaza kwamba Jumapili ijayo tunachagua mzee mpya wa kanisa. Wazee wamepitisha majina mawili. La kwanza Lameck, yaani mimi. Moyo ukaruka. La pili Mika. Moyo ukarudi chini.

Mika! Mvuvi aliyehamia hapa na mtumbwi mmoja. Tulibatizwa siku moja. Mimi nilitangulia kufika mtoni, yeye akaitwa kwanza. Mpaka leo nikiona maji nakumbuka.

Naandika hapa kiti chenyewe kilivyo, ili nikikikosa nijue nimekosa nini. Wazee ni sita. Wanakaa benchi la mbele na kuwatazama watu, wakati sisi wengine tunatazama visogo. Wanasikiliza ugomvi wa ndoa. Wanasema nani yuko tayari kubatizwa, na nani azuiwe Meza ya Bwana kwa ajili ya pombe. Wanapanga zamu za kuezeka paa. Bwana Mchungaji anaongoza kikao lakini hapigi kura. Wazee wakikataa, limekataliwa. Mjerumani anakataliwa na mkulima wa migomba, na anasema asante! Nakitaka kiti hicho kuliko ng'ombe.

Utaratibu wa kura: kila anayeshiriki Meza ya Bwana, mwanamume kwa mwanamke, anaingia chumba cha nyuma na kumnong'oneza Bwana Mchungaji jina. Anayechaguliwa anakaa miaka mitatu.

Naandika kwa Kiswahili nilichojifunza nilipokuwa bomani. Mika anasoma Kinyakyusa tu.

Jumatatu, 2 Septemba

Nimepiga hesabu ya watu wangu. Wanangu watatu waliooa. Wake zao watatu, wote wabatizwa. Hezroni, kitinda mimba. Tusekile, mke wangu. Mika ana nani? Damari mkewe, anayefinyanga vyungu, na binti yao Neli. Basi. Nikakaa kunywa uji wangu kwa raha.

Tusekile akaniharibia uji. Akauliza wakwe zangu watanitajaje jina.

Kweli! Mke wa mwanangu hatamki jina langu. Hanitazami. Akisikia ninakuja anatoka njiani. Ndivyo tulivyolelewa, na hakuna mtu pwani hii ya ziwa aliyelisimamia jambo hilo kuliko mimi. Juzi tu Anyisile, mke wa Andrea mwanangu mkubwa, alinisikia nikikohoa nyuma ya migomba akaruka mtaroni na mtungi kichwani. Mtungi ukavunjika. Nilimsifu kwa kila niliyekutana naye.

Sasa sifa zote hizo zinanigeuka. Wataingia chumba cha nyuma na kukaa kimya. Na Mika je? Mika anatajika na kila mtu. Hata jina lake ni fupi.

Jumatano, 4 Septemba

Dawa imepatikana. Watu wasinong'one. Watoke nje mchana kweupe, kila mmoja asimame nyuma ya anayemtaka. Hapo hakuna jina la kutajwa. Mkwe wangu atafunga mdomo na kutembea. Nashangaa akili hii ilikuwa wapi siku zote.

Nimeipeleka kikaoni leo. Wazee watano walikuwa wamekaa, Bwana Mchungaji katikati na kiko chake kilichozimika. Nikasema kunong'ona ni kwa wachawi, Wakristo hutenda peupe. Mzee Angetile akapinga, kama anavyopinga kila kitu. Akasema mtu akimkataa jirani yake mbele ya macho yake, kesho watapishanaje kisimani? Alisema vizuri, ndiyo sababu nilimkatiza. Mwingine akauliza kama wajane watawekewa viti. Wakalizunguka suala la viti mpaka jua likahama dirishani. Bwana Mchungaji hasemi neno mpaka wote wamesema, ndivyo ilivyo desturi ya kikao, nami nikaona shingo yake inavyokuwa nyekundu. Mwishowe Mika akaitwa aulizwe. Akasema sawa tu.

Mika siku zote ni sawa tu. Anakubali kila kitu ili apendwe. Wakainua mikono, wazo langu likapita.

Nikiwa bado nimesimama, likaja jambo la pili. Kanisani mwetu kuna ukuta wa matete katikati, wanawake upande mmoja na wanaume upande mwingine, ili wakwe wasituone. Matete nilikata mimi. Bwana Mchungaji akauliza kama haujafika wakati wa kuuondoa, maana katika Kristo sisi ni nyumba moja. Nikaona wazee wawili wanalegea. Nikasema mpaka jasho likanitoka. Nikasema siku mke wa mwanangu atakapopita mbele ya macho yangu nitajua dunia imekwisha. Wakaguna kwa heshima. Ukuta umebaki.

Ushindi mara mbili kwa siku moja. Nimerudi nyumbani nikiimba.

Ijumaa, 6 Septemba

Mzee wa kanisa hutembelea wajane. Nikaona nianze mapema. Nikambebea Veronika mjane mkungu wa ndizi, nimeuchagua mwenyewe, umenenepa. Nikafika nikakuta ana magege wawili juu ya jani. Nani kaleta? Mika, alfajiri, akitoka ziwani.

Veronika akazimenya ndizi zangu, akazipika na samaki wa Mika chungu kimoja. Akanikaribisha. Nikala. Kila tonge akamsifu Mika kwa samaki. Ndizi hakuzitaja hata mara moja, na ndizi zilikuwa nusu ya chungu. Aliponisindikiza akasema ndaga fijo, asante sana, kwa kuja kula naye.

Jumamosi, 7 Septemba

Leo tumegawana mahali pa kusimama. Kanisa lina milango miwili, wa wanaume upande wa ziwa na wa wanawake upande wa migomba. Mzee Angetile akaamua kila mmoja wetu asimame mlango mmoja. Mika akaniambia nichague mimi kwanza. Mjinga! Nikachagua mlango wa wanawake. Wanawake ni wengi kuliko wanaume hapa, tangu vijana waanze kufuata kazi za mashamba ya Wazungu. Watatoka, watanikuta papo hapo. Mika amebakiwa na mlango wa wanaume. Akasema sawa tu.

Jioni nikawaita wanangu. Nikawaambia wawaeleze wake zao: hakuna kusema neno, ni kutoka mlangoni na kusimama nyuma ya baba mkwe. Andrea akajikuna kichwa, akaanza kusema lakini, tata, ndivyo tunavyomwita baba. Nikamwambia lakini zake ndizo zinazoufanya mpunga wake uchelewe kuvunwa.

Nimefua kanzu. Nimemwagiza Tusekile asimame nyuma yangu kabisa, mapema, awaonyeshe wengine mfano.

Jumapili, 8 Septemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Wanaume walitoka kwanza. Wakagawanyika karibu sawasawa, kwangu na kwa Mika. Hezroni na kaka zake wakaja kwangu kama walivyopaswa. Nikawa nimesimama mlango wa wanawake, mikono nyuma, kanzu inameta. Nikakohoa kidogo kusafisha koo.

Kikohozi kile! Anyisile ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoka. Alitoa kichwa, akaona kanzu yangu, akajifunika uso na nguo na kurudi ndani kwa kasi. Nikasikia watu wanagongana. Nikasikia wakwe zangu wengine wawili wakisema kwa hofu kwamba yuko mlangoni, yuko pale pale mlangoni. Halafu matete yakaanza kuvunjika.

Ukuta wangu! Hawakuwa na njia nyingine. Wakapita katikati ya ukuta, wakaingia upande wa wanaume, wakatokea mlango wa ziwani. Na wanawake wote waliobaki, walipoona ukuta umefunguka, wakadhani ndio utaratibu mpya. Wakafuata. Nikazunguka pembe ya kanisa kuchungulia. Walikuwa wanatoka mmoja mmoja na vipande vya matete kichwani, Veronika mbele yao akiwa mchangamfu kabisa, na wote wanajipanga nyuma ya Mika. Wakwe zangu waliponiona kwenye pembe wakajificha katikati ya mstari wake, ndani zaidi.

Nyuma yangu alisimama Tusekile. Na mwanamke mmoja tu mwingine, aliyekuwa ametoka mlango wetu peke yake bila kujali vurugu: Neli, binti wa Mika mwenyewe. Bwana Mchungaji akamwuliza kama hajapotea. Neli akajibu kwamba baba yake ana watu wa kutosha, na tata Lameck amebaki na mke wake tu.

Hesabu haikuwa na haja. Walihesabu hivyo hivyo.

Mika akaja kunishika mkono. Mkono wake ulikuwa na magamba ya samaki hata Jumapili. Watu wakaimba, yeye akapelekwa kwenye benchi la mbele, akakaa, akawatazama watu. Aliona haya. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Mimi nisingeona haya. Mimi ningekaa vizuri. Naona wivu, na simfichi mtu katika daftari hili. Naona wivu mpaka meno yananiuma.

Jumatatu, 9 Septemba

Andrea amekuja. Anasema Anyisile amelia tangu jana. Alitaka sana kusimama upande wangu, alikuwa ameshawaambia wanawake wote kisimani. Lakini angenifikiaje, na mimi nimeuziba mlango kwa mwili wangu?

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema ana kazi shambani.

Nimefikiri na nimeona kosa liko wapi. Mika aliniachia nichague mlango kwanza. Mtu mwema hamwachii mwenzake achague kwanza bila sababu. Ulikuwa mtego.

Alhamisi, 12 Septemba

Mika alitoka kwenye kikao chake cha kwanza akaja moja kwa moja kwangu, na samaki. Akakaa. Akaniuliza habari za mguu wangu wenye baridi yabisi, kana kwamba mguu ndio unaoniuma. Akasema wazee wameongea juu ya ukuta. Kwa kuwa umeshavunjika, na kwa kuwa matete yalikuwa yangu, wamemtuma aniulize kama ningekubali usijengwe tena. Akaongeza kwa upole kwamba wakwe zangu wakizoea kukaa mahali pamoja nami, uchaguzi ujao watasimama nyuma yangu bila taabu.

Mnaona? Hata kura zangu mwenyewe anataka kunipa kama sadaka! Nikakataa. Nikasema nitajenga upya, kwa matete mazito zaidi. Akasema sawa tu, atakuja kunisaidia kukata.

Samaki walikuwa watamu. Hilo nalo limeniudhi.

Jumamosi, 21 Septemba

Alikuja kweli, na jamaa zake wote. Tumekata matete wiki nzima kule mtoni. Mika anakata haraka kuliko mimi, nikajifanya nanoa mundu.

Nikiwa nanoa nikawaona Hezroni na Neli wamebeba wawili mzigo mmoja wa matete. Mzigo wenyewe mdogo, ungebebwa na mtu mmoja. Walikuwa wanautembeza polepole kama mgonjwa. Nikamwuliza Tusekile. Akasema analijua hilo tangu mavuno ya mpunga, na kijiji kizima kinalijua.

Nikatupa mundu. Nimepata mpango! Hezroni amwoe Neli. Mika atakuwa mkwe wangu, na mtu hawezi kugombea kiti na mkwe mwenzake bila aibu. Na Neli mwenyewe, msichana jasiri aliyenisimamia mbele ya ushirika wote, atakuwa wa nyumba yangu. Yule aliyenipigia kura akiwa binti wa jirani, akiwa mke wa mwanangu atafanya nini!

Nikamweleza Tusekile. Akaniuliza nirudie ile sehemu ya mwisho. Nikarudia. Akaniuliza siku ile nyuma yangu walisimama wanawake gani. Nikamjibu ni yeye na Neli, na ndiyo maana namtaka Neli awe karibu zaidi. Akaenda jikoni. Nikamsikia anacheka huko peke yake, anaacha, anaanza tena. Ni furaha ya kupata mkwe.

Mika nimemwambia jioni. Amesema sawa tu. Machozi yalimlengalenga, akasema hakuna nyumba ambayo angependa binti yake aende kuliko yangu. Nusura nimpende.

Jumapili, 29 Septemba

Posa imepokelewa, ng'ombe wamekubaliwa. Ukuta mpya umesimama kanisani, mrefu kuliko wa kwanza, na hauonyeshi hata kivuli. Bwana Mchungaji aliutazama, akatikisa kichwa. Hakusema kitu. Kwa hiyo ameupenda.

Asubuhi nikienda kanisani nilimwona Neli anakuja na mtungi kwenye njia ya migomba. Kila asubuhi, tangu akiwa mdogo, hunipigia magoti na kunisalimu ugonile, tata. Leo aliniona kwa mbali. Akafunika uso, akatoka njiani, akaingia mtaroni mpaka magotini, akanipa mgongo hadi nilipopita.

Msichana ana adabu! Hata hajaolewa bado. Nilitembea mpaka kanisani kifua mbele.

Miaka mitatu si mingi. Nimeshamwambia Mika kwamba uchaguzi ujao nachukua tena mlango wa wanawake, yeye abaki na ule wa wanaume. Amesema sawa tu.