Mkataba wa Duka la Shemasi Kabeya

Jamani, leo nimeaibika. Tena nimeaibika kwa sauti kubwa, nikiwa nimesimama wima, miwani puani.

Kwa wasionijua: nina kibanda cha kuandikia watu karatasi hapa Dilala. Kompyuta moja, mashine ya kuchapa moja, kiti kimoja cha mteja. Naandika barua za kuomba kazi mgodini, lakini hasa mikataba. Watu wananiita Mama Kontra, yaani Mama Mkataba. (Jina nililipenda hadi leo asubuhi.) Naiandika kwa Kiswahili, kila mtu ajue anasaini nini. Miaka yote hii hakuna aliyerudi kulalamika.

Saa mbili akaingia Tata Kabeya na mke wake. Tata Kabeya ni fundi cherehani, tena shemasi, mtu wa kuvaa tai hata jua likiwaka. Amepata duka la kupanga kwa Mama Kapinga, mjane mwenye nyumba barabarani. Safari hii alitaka karatasi. Mwaka jana alipangishwa kwingine, kwa maneno matupu. Mwenye nyumba wa huko akapata mtu mwingine, vyerehani vitatu vikatolewa nje, mvua inanyesha. Kila alipokwenda kulalamika, swali lilikuwa moja: "Mukataba iko wapi?"

"Mama, andika muzuri," akaniambia. "Hii njo maisha yangu."

"Tata, tulia. Umefika mahali pake."

Saa nne tulitakiwa kwa shefu wa mtaa, ashuhudie sahihi. Nikakaa. Umeme ukaondoka. (Bwawa la umeme la Nzilo liko hapa pembeni yetu, lakini umeme una safari zake.) Ukarudi imebaki robo saa!

Nikafikiri haraka. Wiki iliyopita nilimwandikia mkulima mmoja wa Mutshatsha mkataba wa kumwazima jirani beberu wake, akapandishe mbuzi wa huyo jirani. Mkataba mzuri ule! Una muda, una majukumu, una adhabu. Nikabadilisha majina, nikaandika upya vifungu viwili vya kwanza, kisha nikaiamuru kompyuta: popote penye "beberu", weka "mpangaji". (Msiniulize kwa nini mpangaji na si duka.) Mambo ya mbuzi nitayafuta baadaye, nikasema. Taa ikapepesa. Nikachapa nakala tatu mbio mbio, tukapanda pikipiki.

Kufuta? Nani alikumbuka kufuta!

Kwa shefu tukamkuta Mama Kapinga ameshafika, kitenge kipya, mkoba mapajani. Shefu mwenyewe alikuwa na muhuri tayari mkononi.

"Soma na sauti, Mama Kontra, batu bote basikie."

Sasa, mimi nina sauti yangu ya kusomea mikataba. Inafanana na ya mtangazaji wa redio. Mdomo unasoma, kichwa kinawaza chakula cha mchana.

Kifungu cha kwanza, safi. Cha pili, safi. Shemasi anaitikia kwa kichwa kama yuko ibadani.

"Kifungu cha tatu. Mpangaji atapewa majani mabichi asubuhi na jioni, na hatanyimwa chumvi."

Mama Kapinga akainua macho. Nikadhani amependa Kiswahili changu. Nikaongeza sauti.

"Kifungu cha nne. Usiku mpangaji atafungwa kamba ya mguu, ili asiingie katika mashamba ya watu."

Shefu akaweka muhuri chini. Nami mdomo ulishashika kasi:

"Kifungu cha tano. Mpangaji ataachwa huru na majike wote wa boma, na jike atakayeshika mimba, mtoto wa kwanza ni wa..."

Hapo ndipo masikio yangu yalipofika. Yalikuwa yamechelewa vifungu vitatu.

Mke wa shemasi akasimama. Akamgeukia mumewe, akauliza taratibu (taratibu ile ndiyo iliyonitisha):

"Kabeya. Ku ile duka kuko majike gani?"

"Mi sijue, mama! Mi niko na vyerehani tu!"

"Na mi ni mujane!" Mama Kapinga naye akaruka. "Batu batasema nini?"

Shefu akaninyang'anya karatasi, akasoma yaliyobaki, midomo ikicheza. Akafika mwisho, akasoma kwa sauti: "Mpangaji akifa, ngozi yake irudishwe." Akanitazama juu ya karatasi.

"Mama Kontra, huyu mupangaji ni mutu ao ni nyama ya kufuga?"

"Ni mbuzi, shefu. Hapana! Ni shemasi! Mkataba ndio wa mbuzi!"

Weee! Shefu alicheka hadi kiti kikalia. Waliokuwa wanasubiri nje wakajazana dirishani. Mmoja anawaelezea wenzake: "Banataka ngozi ya shemasi!"

Shemasi peke yake hakucheka. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, sasa duka nimeikosa?"

Hapo niliumia kweli.

"Hujaikosa, Tata. Nipeni kalamu."

Nikaandika kwa mkono pale pale mezani kwa shefu, nikiuliza kila neno kabla ya kuliandika. Muda, miaka miwili. Anayetaka kuvunja mkataba atoe taarifa miezi mitatu kabla. Hakuna cherehani kutolewa nje bila uamuzi wa mahakama. Paa likivuja, ni juu ya mwenye nyumba. (Hapo Mama Kapinga alibishana vikali, nikamshinda.) Nikasoma tena, safari hii kwa masikio. Wakasaini. Muhuri ukagongwa. Shemasi akakunja nakala yake, akaitia mfuko wa ndani wa koti, akaupapasa mara mbili.

Ile ya kwanza, ya mbuzi, nikaomba nirudishiwe, niichane. Shefu akakataa, akaifungia kwenye droo ya ofisi yake. "Hii inabakia ku biro. Siku ya huzuni tutaisoma."

Natoka, mke wa shemasi akanivuta pembeni. Nikajua sasa natukanwa. Akatazama nyuma kwanza, mumewe asisikie.

"Kesho nitakuya. Mi pia nataka mukataba, kati ya mi na bwana yangu. Kile kifungu ya kamba, usikifute."

Nimempa saa tatu. Na ninyi msicheke, mteja ni mteja.