Kichupa cha Kifuniko cha Dhahabu

Jumatatu, 3 Juni

Shemeji Kinyozi kaniudhi tena. Saa kumi, kama kawaida, wazee wenye presha tulikuwa benchini nje ya kibanda chake cha kunyolea. Desturi yetu ni hii: chai inamiminwa, kila mtu anaweka dawa yake mezani, tunameza pamoja ili asiwepo wa kusahau. Nikatoa kibahasha changu cha kaki, cha duka la dawa la serikali. Karani mstaafu naye akatoa chake cha kaki. Shemeji akachomoa kichupa. Kifuniko cha dhahabu! Akakiweka katikati ya meza taratibu, kama anayeweka yai. Akasema sisi tunameza chaki. Akasema dawa ya kweli inajulikana kwa vazi lake.

Karani akacheka. Ana kibahasha kama changu, halafu anacheka!

Huyu Shemeji ni kaka wa mke wangu, kwa hiyo kumchukia siruhusiwi. Kumtania naruhusiwa. Nimeamua kumtania mpaka akome.

Jumanne, 4 Juni

Kichupa nimepata. Kilikuwa nyuma ya kibanda, ndani ya boksi la vitana vilivyovunjika, kimefunikwa na nywele za wanaume wa mtaa mzima. Ni cha zamani cha Shemeji mwenyewe, lakini kifuniko bado kinang'aa. Nimekiosha sana. Mke wangu akauliza nafanya nini na sabuni yake. Nikasema ni kitu cha kazi. Nilikuwa fundi makufuli. Fundi hata akistaafu, kila kitu ni cha kazi.

Nikamimina humo vidonge vyangu vya serikali. Vyeupe, vidogo, vya duara. Saa kumi nikakiweka mezani, tak, mbele ya pua ya Shemeji. Chai ikampalia. Akauliza fedha nimezitoa wapi. Nikajikausha, nikasema watoto wananikumbuka. Hao watoto hata namba yangu ya simu sijui kama wanaikumbuka.

Siku tamu hii! Nimekwenda kulala nikicheka peke yangu.

Ijumaa, 7 Juni

Nimekwenda kunyolewa ndevu. Mkono wa Shemeji ulitetemeka, akanikata sikio. Akasema sikio ndilo lililosogea. Alipokwenda nyuma kuchukua maji ya moto, nikakifungua kichupa chake pale kwenye rafu chini ya kioo. Nilitaka tu nione vya tajiri vina nini. Nikanusa. Mnanaa. Nikaonja.

Peremende! Zile pipi ndogo nyeupe za kutuliza harufu ya mdomo. Mtu huyu anameza pipi mbele yetu, halafu sisi ndio tunaomeza chaki!

Furaha yangu haisemeki. Nikapanga kesho, mbele ya benchi zima, nimwombe kidonge kimoja, nikitafune polepole, nimsifie mnanaa.

Nikafika nyumbani. Mke wangu alikuwa akipiga pasi. Akauliza sikio limepatwa na nini. Nikamwambia mkono wa kaka yake siku hizi unatetemeka. Akaisimamisha pasi. Akasema baba yao alianza hivyohivyo, mkono kwanza. Kisha asubuhi moja akaanguka mlangoni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Presha. Hakuinuka tena.

"Wewe ndiye unayekaa naye kila siku," akasema. "Niangalizie kaka yangu."

Raha yote ikakatika. Nimwangalie vipi mtu anayetibiwa kwa pipi? Nikimsema atanuna, na akinuna hatatokea benchini wala hospitali. Kiburi chake kile anaweza kuzikwa nacho.

Jumamosi, 8 Juni

Asubuhi nikajipanga foleni duka la serikali. Nikamwambia binti wa dirishani kwamba panya kala dawa zangu, anipe nyingine. Akaniuliza huyo panya presha yake ilikuwa ngapi. Foleni nzima ikacheka.

Nikabadilisha. Nikasema ni za jamaa yangu mmoja, anaona aibu kuja. Akasema nimlete apimwe, dawa za mtu hapewi mwingine kwa kukisia. Nikamwuliza kwa nini zao ni rahisi, au zina nusu ya nguvu? Akasema dawa iliyomo ni ileile. Kwenye maduka ya watu binafsi wanunuzi wanalipia jina, matangazo na kifuniko. Nikasema nimeelewa. Sikuelewa, ila nyuma walikuwa wananisukuma.

Basi nikatumia akili yangu mwenyewe. Vidonge vyangu nikavigawa: nusu kwenye kichupa, nusu nikavirudisha kwenye kibahasha. Saa kumi, Shemeji alipogeuka kuchukua birika, nikabadilisha vichupa. Chake mfukoni kwangu, changu mbele yake. Wepesi wa mkono! Miaka yote ile ya makufuli haikupotea bure. Shemeji akameza kidonge cha serikali, akafumba macho, akasema hii ndiyo dawa bwana.

Nyumbani nikazimwaga peremende zake kwenye kibahasha cha zamani. Mimi situpi bahasha. Droo yangu imejaa, nyingine zina skrubu, nyingine funguo. Kisha kile kichupa nikakijaza dawa zangu zilizobaki, nikajilaza nikijiona mtu mwema.

Alhamisi, 13 Juni

Shemeji mzima kabisa. Mkono umetulia. Leo kamnyoa Karani bila hata tone la damu. Anasema ni dawa yake ya dhahabu. Nami namwachia aseme!

Mimi kichwa kinaniwanga na masikio yanavuma. Nadhani ni uchovu wa kutenda mema, sijauzoea. Mke wangu anasema macho yangu mekundu. Nimemwambia ni uzuri.

Wasiwasi wangu ni mmoja: vidonge nilivyompa vitaisha. Lazima apimwe, apewe vyake. Kwenda mwenyewe hakubali, kwa hiyo nimemtega. Nimemwambia dhahabu yangu inafanya kazi kuliko yake. Jumatano duka la serikali wanapima bure. Tukapimwe wote wawili, na mwenye presha ya juu zaidi ainunulie benchi chai wiki nzima. Akasema yeye hapangi foleni na wameza chaki. Nikasema hata mimi ningekuwa yeye ningeogopa.

Akauliza saa ngapi.

Jumatano, 19 Juni

Maangamizi.

Shemeji alipimwa kwanza. Binti akatazama mashine, akasema si mbaya babu, endelea hivyohivyo. Shemeji akavimba kifua mpaka vifungo vya shati vikalalamika. Zamu yangu. Mashine ikanibana mkono, ikalia, ikanibana tena. Binti akaacha kutabasamu. Akauliza nameza nini. Nikampa kichupa changu kwa maringo. Akatoa kimoja, akanusa, akanitazama.

"Babu," akasema, "hii ni peremende."

Kabla sijapata uongo wa kujibu, Shemeji akaropoka:

"Peremende zangu hizo!"

Foleni yote ikageuka kumtazama. Naye akasikia alichokisema. Sijawahi kumwona mtu akitamani kurudisha maneno mdomoni kwa mkono.

Kumbe Jumamosi ile nilikosea bahasha. Nilijaza kichupa changu peremende zilezile, na dawa zikabaki droo ileile, pamoja na skrubu. Na mimi nameza kwa chai ya moto bila kuonja. Siku zote hizo yeye alimeza dawa yangu, mimi nikameza pipi zake!

Binti akatuingiza chumba cha ndani, akatusema kama watoto wa shule. Mimi ningeweza kumwua shemeji yangu kwa dawa ya kukisia, na kujiua mwenyewe kwa mnanaa. Shemeji alikuwa anatazama viatu vyake. Akasema, kwa sauti ambayo sikujua anayo, kwamba wateja walipopungua bei ya dawa ya kichupa kile ilimshinda, tangu mwaka jana. Na foleni hii alikuwa ameshaicheka mno.

"Ningesimama wapi, Shemeji?" akaniuliza.

Nikamwambia angesimama nyuma yangu, maana hata kwenye utani wetu huko nyuma ndiko aliko siku zote. Akacheka.

Akaandikiwa kibahasha chake. Kisha binti akampima na sukari. Imepanda. Binti akamtazama yeye, akazitazama peremende, akatikisa kichwa. Akampa kibahasha cha pili.

Mke wangu ameshaambiwa yote na Karani, aliyekuwa nyuma yetu kwenye foleni. Ametununia wote wawili. Lakini jioni aliniwekea kidonge kiganjani yeye mwenyewe, akanishika mkono mpaka nikameza.

Jumapili, 23 Juni

Nimejifunza mengi. Dawa ni ileile. Vazi si kitu. Mtu asione haya kusimama foleni ya kumponya. Nimeyasema hayo leo mbele ya benchi zima, na Karani akasema nilipaswa kuwa mhubiri.

Kisha chai ikamiminwa. Karani akaweka kibahasha chake mezani. Nikaweka changu. Shemeji akaweka kimoja, akapapasa mfuko bila haraka, akaweka cha pili juu yake, taratibu, kama anayeweka yai. Akasema binti wa dirishani kamweleza kwamba mgonjwa wa aina yake anahitaji uangalizi maalumu. Akanitazama. Akasema mwenye kibahasha kimoja, huyo ana mafua tu.

Karani akacheka.

Nimerudi nyumbani nikiwaza. Bahasha ninazo droo nzima, lakini ya uongo hatadanganyika nayo, hila zangu ameshazijua. Lazima ya pili iwe ya kweli, ya kupimwa. Na Jumatano wanapima sukari tena.

Peremende zake bado ninazo. Leo nimeanza na mbili baada ya chai. Mnanaa wenyewe si mbaya.