Habari za Gaudens Mtafsiri na Busu la Sehemu ya Mwisho

Tegeni masikio, enyi mlioinamishwa vichwa katika viti vya wasusi, enyi mnaosinzia chini ya mashine za kukaushia nywele, na ninyi wapita njia wa Chaussée de Wavre, hapa Matonge mjini Brussels, mliobeba ndizi na vitenge. Simameni kidogo, basi lingine litakuja. Nitawasimulia vita. Si vita vya wafalme, maana wafalme hawajawahi kukosa wa kuwasifu. Nitawasimulia habari za Gaudens, mwana wa Bukoba, simba wa rimoti, jemadari wa maandishi ya chini, aliyepenya peke yake katika ngome ya adui bila silaha ila kofia ya kuazima. Asiyependa mambo makubwa na aende kule kwenye majumba ya vioo, ambako mataifa ishirini na saba huketi kujadili vifuniko vya chupa.

Kwanza ijulikane desturi. Katika saluni mbili ninazozisimulia, zinazotazamana ndani ya ujia mmoja wa maduka, runinga haizimwi, na katika runinga hutawala sizoni za Kikorea. Lakini msusi macho yake yako kwenye nywele, na anayesukwa kidevu chake kimegusa kifua. Nani basi atasoma maandishi yanayopita chini ya kioo kwa mbio za mwizi? Kwa hiyo kila saluni huweka mtafsiri, mtu wa kusimama kando ya runinga na kusimulia kwa Kiswahili picha ambazo wasikilizaji wake hawazioni. Akisema mvua inanyesha, wanavuta kanga. Akisema fulani amekufa, huyo amekufa. Sijui waziri mwenye mamlaka ya namna hiyo.

Gaudens alikuwa mtafsiri wa Maman Pétronille, siku za Jumamosi. Sanaa hiyo aliipata utotoni katika mabanda ya video ya kwao, kabla hajaingia seminari, na kabla hajatoka seminari kwa miguu yake mwenyewe ili aje Brussels kusomea sheria. Chuoni alikaa nyuma akanyamaza. Kwenye tramu alinyamaza. Nyumbani kwake, kwenye kitongoji cha Forest, mwenye nyumba, Jens, jitu jema la Kiflemi, alizungumza naye habari moja tu, nayo ni rangi ya mifuko ya takataka. Nasema wazi: bila ile Jumamosi, kijana yule alikuwa bubu wa juma zima, na alilijua hilo, na lilimuuma.

Sasa sizoni yenyewe. Inspekta Min-jae ametumwa na polisi kuingia katika genge la bandari ya Busan, ajifanye mlanguzi. Humo anampenda Seo-yun, dada wa mkuu wa genge, naye Seo-yun anampenda yeye, kwa jina lisilo lake. Mkuu wa polisi ndiye mwizi, kama ilivyo desturi ya sizoni hizo, na jambazi ndiye mwenye adabu mezani. Inspekta akipigwa kisu, hupigwa begani, mahali panapofaa kufungwa bendeji na mwanamke mzuri. Mvua nayo husubiri mpaka wapendanao wawe na mwavuli mmoja.

Hapo ndipo ilipokuwa aibu ya shujaa wetu. Kila midomo miwili ilipokaribiana kwenye kioo, Gaudens, ambaye hakutetereka mbele ya bastola wala jambia, alikohoa, akatazama dari, akasema: "Hapo wanasalimiana kwa heshima." Kisha akaongeza mawaidha, kwamba askari anayempenda mshukiwa amevunja kiapo, na mwongo ni mwongo hata akiwa na sura nzuri. Wateja wakavumilia salamu hizo wiki nenda wiki rudi. Mwishowe wakaanza kuvuka ujia mmoja mmoja, na nywele zao, wakahamia kwa Maman Rolande, ambaye hufungua Jumapili baada ya misa, na ambaye mtafsiri wake ni Georgina, binti wa Taveta.

Ndipo Maman Pétronille, malkia wa vitana, akasimama katikati ya viti vyake vitupu akatoa hotuba kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kifaransa.

"Gaudens, mwana yangu, sikiliza muzuri. Bamama bote banavuka kule kwa Rolande, na miye niko hapa na kitana mu mukono sawa mujane. Alors, utaenda kule. Utajifanya client. Utaangalia ile mutoto ya Kenya anabapatia nini. Na kama épisode ya mwisho inafika na viti iko vide, bon, nitatafuta mutu mwingine, hata kama moyo inaniuma."

Gaudens akaweka mkono kifuani. "Mama, nitakwenda. Nikikamatwa, sema hunijui."

"Nitasema ile kabisa," akajibu Maman Pétronille.

Basi Jumapili iliyofuata, wakati watu wanarudi kutoka soko la Gare du Midi na mifuko yao ya mboga, shujaa alijivika. Alivaa koti la Jens lililomfika vifundoni, na kofia ya sufu ya Jens iliyomfika machoni. Akavuka uwanja wa mapambano, ambao ni hatua chache za vigae vyenye maji ya kudekia, akaingia. Akasema yeye ni Mudathir, fundi wa lifti, Mwislamu wa Tanga, naye amekuja kunyolewa. Wakamkaribisha kitini. Wakampa andazi. Naye Mudathir, Mwislamu wa Tanga, akalipokea kwa mkono wa kulia, akafanya ishara ya msalaba, akaliuma.

Wasusi wakatazamana. Hakuna aliyesema kitu, na hilo likumbukwe.

Kisha Georgina akashika rimoti, na kwa mara ya kwanza Gaudens akamsikia mtafsiri mwingine. Hakupaza sauti. Alisimulia kama mtu anayekwambia jambo la shangazi yako.

"Sasa anambusu," akasema. "Anambusu, akina mama, na kile kinasa sauti cha polisi kiko chini ya shati. Kinanasa kila kitu. Haya, niambieni, serious kabisa: anayebusu hapa ni mpenzi ama ni askari?"

Saluni ikalipuka.

"Ule mutu iko mubongo, anadanganya!" akapiga kelele Naïma, mteja wa kiti cha dirishani, kichwa kimeinama.

"Mais anamupenda!" akapinga mwingine.

"Anamupenda na jina ya bongo. Ile ni mapendo gani?"

"We Naïma, bwana yako alikuambia jina yake ya kweli siku ya première, ile ya kwanza?" akauliza Maman Rolande, na wote wakacheka mpaka vitana vikaanguka.

Gaudens hakucheka. Alikaa na povu masikioni, na maswali yale yakamwingia. Seminari ilimfundisha majibu mengi, lakini hakuwahi kuona mtu akiuliza swali halafu akaliacha wazi, akaendelea na hadithi. Alipotoka hakukumbuka kilichompata inspekta. Alikumbuka namna Georgina alivyoshika rimoti kwa mikono miwili.

Kuanzia hapo, Jumapili hadi Jumapili, jasusi alirudi kambini kwa adui. Alinyolewa hata nywele zikamwisha. Kinyozi akawa anapitisha mashine hewani kwa heshima ya mgeni. Alimsaidia Georgina kubeba viti. Walizungumza juu ya baridi, juu ya yule bibi kizee Irma ambaye Georgina humtunza siku za kazi, na juu ya mama zao. Kila Jumamosi Maman Pétronille alimuuliza ameona nini, naye akajibu, "Maandazi, mama. Wanawavuta kwa maandazi." Uongo wa kwanza tangu ubatizo, ukimwacha Mudathir. Hata Maman Pétronille akaanza kukaanga maandazi, na viti vikabaki vitupu, na sakafu ikanuka mafuta.

Dhamiri ikamsumbua, akaenda kuungama kwa Padri Jozef, mmisionari mstaafu aliyezeekea Kivu na ambaye Kiswahili chake kina miaka mingi kuliko magoti yake. Gaudens akamweleza yote: jina la uongo, taarifa ya uongo, binti asiyejua. Padri akasikiliza kwa makini, kisha akakohoa.

"Mwanangu, dhambi hiyo naijua, nimeitazama mimi na wazee wenzangu jioni baada ya supu. Niambie, yule inspekta amekwisha kumwambia ukweli?"

"Bado, Padri. Imebaki sehemu ya mwisho."

"Basi uniambie atakavyofanya," akasema Padri Jozef, "nasi tutajua malipizi yako."

Ikawadia Jumamosi ya sehemu ya mwisho. Maman Pétronille akatazama viti vyake, akazima runinga. "Siwezi kuiweka kwa viti vide," akasema. "Kesho utaisikia kule kwa adui, donc utaniambia. Kisha itakuwa kwisha." Wakakunja taulo wawili wale, na Gaudens alitamani kulia.

Jumapili ile ngome ya Maman Rolande ilifurika. Kila kiti kilikuwa na kichwa na kila kichwa kilikuwa chini. Pembeni, chini ya mashine ya kukaushia nywele, aliketi mwanamke mwenye miwani myeusi ambaye hakuwa na nywele mbichi. Alikuwa Maman Pétronille mwenyewe, maana aliyeshindwa haoni haya. Gaudens alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, kichwa kimeng'aa kama yai. Georgina akasimulia genge likikamatwa, mkuu wa polisi akitolewa ofisini, mvua ikianza gatini. Akasimulia Seo-yun akisimama mbele ya inspekta na kumuuliza jina lake ni nani.

Hapo akasimamisha picha. Akaivuka saluni, akaweka rimoti katika mkono wa Gaudens.

"Koo limeniisha," akasema. "Malizia wewe, Gaudens."

Shujaa akaitazama rimoti, akawatazama wasusi.

"Mulijua?" akauliza, na hata Kiswahili chake kilikuwa kimehama nchi.

"Tangu siku ya première," akasema Maman Rolande bila kuinua macho kwenye msuko. "Mwislamu ya Tanga anafanya alama ya musalaba juu ya beignet! Tulikuacha, papa. Hii ya Corée inaisha, tulihitaji ingine ya kuangalia."

"Nami nilijua sauti," akasema Georgina. "Jumamosi nikipita ujiani nilikuwa nasimama nje ya pazia nikikusikiliza. Ukipigana unapigana vizuri sana. Ni zile salamu zako tu." Akamtazama usoni. "Nilingoja uniambie mwenyewe. Kila Jumapili nilingoja."

"Nilitaka," akasema Gaudens. "Niliogopa ukijua utanifukuza, na mimi sina mahali pengine pa kusikika. Sasa pia sina pengine ninapotaka kukaa kimya." Hotuba hiyo haikuwa ndefu, lakini wajuzi wanaihesabu miongoni mwa kubwa zilizopata kutolewa upande ule wa mji.

"Film! Film!" akalia Naïma toka dirishani. "Shingo inaniuma! Alimujibu nini?"

Gaudens akabonyeza rimoti, akageukia kioo.

Na sasa, enyi wasikilizaji, shikeni viti. Hiki ndicho alichokiona. Inspekta Min-jae hakujibu. Alitoa pingu, akamfunga Seo-yun kwa mikono yake mwenyewe, akamfungulia mlango wa gari. Seo-yun hakugeuka. Gari likaondoka, na inspekta akabaki gatini na mwavuli ambao hakuufungua. Hakuna aliyemgusa mwenzake. Katika saluni ile nzima, waliokuwa wameinua vichwa ni wawili tu, Gaudens na Georgina.

Mtu aliyefuta mabusu ya msimu mzima, mabusu halali, yaliyopigwa picha na kulipiwa, alisimama wima katika koti la Jens. Hakukohoa. Hakutazama dari.

"Anamwambia jina lake," akasema. "Anamfungua pingu. Anazitupa baharini."

"Eh, Mungu," akanong'ona Maman Pétronille chini ya mashine.

"Na sasa anambusu."

Neno hilo likasimama hewani. Halikuwa limepata kutoka katika kinywa kile, si Bukoba, si seminari, si Ubelgiji. Wasusi wakashikilia nywele bila kusuka. Naïma, ambaye hamwamini mtu, akaita toka chini: "Georgina! Ni kweli?"

Georgina akatazama kioo, ambako mtu mmoja alikuwa amelowa peke yake na majina yameanza kupanda. Akamtazama mwongo aliyesimama na rimoti.

"Ni kweli," akasema. "Na bado hajamwachia."

Hapo vigelegele vilipanda hata wauza simu wa nje wakakimbilia mlangoni wakidhani kuna harusi. Maman Rolande alilia na kuharibu msuko. Maman Pétronille akavua miwani, akatangaza kwa ukali kwamba Jumamosi iliyo karibu saluni yake itaanza sizoni mpya, na mtafsiri wake ni yule yule, na mwenye kutaka kusikia maneno ya namna ile na alete kichwa. Mapatano ya saluni mbili yakafungwa palepale kwa maandazi. Wengine watasema wataitazama wenyewe nyumbani, waone. Waacheni. Sijasikia mwanamke wa Matonge aliyejisumbua. Wote wanajua inavyokwisha. Na iandikwe kwamba katika mji huu, zilipotiwa sahihi ahadi nyingi ambazo hazikumfurahisha mtu, mwana wa Bukoba alisema neno moja la uongo na kila mtu akaenda nyumbani ameridhika.

Jua lilikuwa bado halijazama walipofika kituo cha basi, yeye na Georgina, chini ya mwavuli mmoja, maana mvua nayo ilikuwa imesubiri.

"Hawakubusiana," akasema Georgina.

"Hawakubusiana," akakiri Gaudens. "Padri Jozef atanipa malipizi makubwa."

"Na wewe jina lako la kweli ni nani?"

"Gaudens."

Basi likaja, likafungua milango, likangoja. Mimi niliyeandika habari hizi nilikuwa ng'ambo ya barabara na niliona vizuri sana. Lakini wanawake wa heshima wanasoma, kwa hiyo nitasema tu kwamba hapo walisalimiana kwa heshima, na basi likaondoka bila wao, na la pili pia.