Kura Iliyoharibika

Jumatano, 4 Juni

Kidoti wangu,

Jumapili tawi la chama linachagua mwenyekiti mpya. Kiti chako! Kimekaa kitupu miezi mitatu, sasa Kinyozi anakitaka. Anasema akishinda ataanza kwa kung'oa ubao wa matangazo, ule wenye mwandiko wako. Nimechukua fomu. Ndugu yako kaniuliza, shemeji, hata kwenye msiba wa mkeo ulishindwa kusema neno, leo utamhutubia nani? Nina mpango.

Ijumaa, 6

Wajumbe tisa wameleta viatu kwangu kushonwa. Kila mmoja nimemwambia gundi itakauka Jumapili, baada ya kura. Kisha namkonyeza. Fundi Bomba kaniuliza jicho lina nini. Kinyozi naye ananyoa wajumbe bure! Anawaambia nimeteka viatu nyara.

Jumamosi, 7

Katibu kafika kibandani, kafoka. Wajumbe hawawezi kuja mkutanoni pekupeku, na wakipungua uchaguzi haufanyiki. Nimerudisha jozi zote. Kwa haraka, Mwalimu Mstaafu kaondoka na kiatu kimoja cha Fundi Bomba. Kura mbili hizo, kwaheri.

Jumapili, 8

Wajumbe ishirini na watatu. Hotuba yangu: ahsanteni. Nikakaa. Walinipigia makofi kuliko Kinyozi! Katibu kahesabu. Kinyozi kumi na moja. Mimi kumi na moja! Imebaki karatasi moja. Jasho. Kaifungua, kaigeuza, kauliza: Kidoti ndiye nani?

Wao walikuita Mwenyekiti. Jina hilo ni letu la nyumbani tu. Ndugu yako kanigeukia polepole, kanong'ona, ukumbi mzima ukasikia: shemeji, umejimaliza.

Sikukusudia, naapa. Tuliambiwa tuandike jina la anayefaa. Nikawaza anayefaa ni nani. Mkono ukaandika.

Kura imeharibika. Tunarudia Jumapili ijayo.

Jumatatu, 9

Nimepata dawa! Nimemwomba Katibu tupige kura kwa kunyoosha mikono. Kakataa: kura ni siri. Nikamuuliza, mbona yangu mnaijua wote? Kacheka, lakini kakataa.

Ndugu yako ananizoeza kuandika jina langu. Mistari minne nimepatia. Wa tano likatoka lako, kaninyang'anya kalamu.

Nadhani kosa ni wino wa bluu. Kesho nanunua kalamu nyeusi.

Mkutano ni Jumapili, saa nne asubuhi. Unikumbuke, Kidoti.